Njama Iliyozaliwa Kabla ya Wanjama

Wapinzani wa Ajenda 21 nchini Marekani hudai kwamba mpango huo wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa Rio de Janeiro mwaka 1992, ni njama ya kufuta umiliki binafsi wa ardhi kupitia halmashauri za miji. Mwaka 2012 jimbo la Alabama lilitunga hata sheria ya kuuzuia.

Kuzuia nini, hasa? Waraka huo si mkataba. Hauna mahakama, hauna faini, hauna askari. Serikali 178 ziliukubali kwa hiari, ikiwamo ya Rais George H. W. Bush, Mrepublican asiyejulikana kwa ukomunisti.

Dai dhaifu kuliko yote ni kwamba mipango miji ililetwa na wageni. New York ilitenga maeneo ya ujenzi kisheria mwaka 1916, na Mahakama ya Juu ikahalalisha mamlaka ya aina hiyo mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio. Umoja wa Mataifa uliundwa 1945. Yaani njama iliwatangulia wanjama kwa miaka 29! Hata hivyo, mwaka 2010 Dan Maes, mgombea ugavana wa Colorado, aliuona mkono wa Umoja wa Mataifa hata katika baiskeli za kuazima za Denver.

Nyumba hunyang'anywa kweli, ila si na Umoja wa Mataifa. Huko New London, Connecticut, mnyang'anyi alikuwa mji wenyewe, kwa ajili ya mradi wa uwekezaji, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliridhia.