Rosa ni wa Nani?

Wako walimu wanaoamini kwamba mhusika wa riwaya ni mali ya mtunzi peke yake, na kazi ya msomaji ni kumkariri. Napinga. Mwanafunzi mmoja wa Ujiji aliisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, akaitungia mwisho wake mwenyewe: Charles anamwacha Rosa kama ilivyo kitabuni, lakini Rosa hajiui, anahamia Kigoma na kuuza dagaa mwaloni Kibirizi. Mwalimu wake akaufuta ukurasa mzima kwa wino mwekundu: "Upotoshaji!"

Upotoshaji upi? Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipoitoa tafsiri yake ya Shakespeare, aliiita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara akawa mabepari, amehukumiwa tangu jaladani, nasi tukasifu. Binti naye kahukumu: kuachwa na mwanamume si jambo la kufia.

Sikatai, katika mtihani aeleze kwanza alichoandika Kezilahabi. Lakini msichana anayempigania Rosa asife amekielewa kitabu kuliko aliyekariri dhamira zake tano. Tukimnyamazisha huyo, tusilalamike kesho kwamba vijana hawasomi.