Masikio ya vita yasiingie nyumbani



Wazee wetu waliviita vita vya Hitler. Vijana wengi wa Tanganyika walipigana humo wakiwa askari wa KAR. Lakini katika vita hivyo hivyo palikuwa na mapambano mengine yasiyo na bunduki, na silaha yake ilikuwa sikio.

Mwaka 1942 majenerali wawili wa Kijerumani, Ludwig Crüwell na Wilhelm von Thoma, walitekwa huku Afrika ya Kaskazini, mmoja Libya, mwingine El Alamein nchini Misri. Walipelekwa Trent Park, jumba la kifahari kaskazini mwa London. Huko mateka wenye vyeo walilishwa vizuri, wakatembea bustanini na kuzungumza watakavyo. Hawakujua kwamba vinasa sauti vimefichwa ndani ya taa na mahali pa kuotea moto, wala kwamba chini ya nyumba wamekaa wasikilizaji, wengi wao Mayahudi waliokimbia Ujerumani, wakirekodi maneno yao kwenye sahani. Machi 1943 von Thoma alimweleza mwenzake habari za makombora makubwa aliyoyaona. Mazungumzo hayo yaliwafanya Waingereza wazichukulie kwa uzito taarifa nyingine walizokuwa nazo, na Agosti mwaka huo ndege zao zilishambulia Peenemünde, mahali yalipofanyiwa majaribio.

Vita vina hukumu zake. Kabla ya Badr, Mtume (s.a.w.) alimuuliza mateka wa Kikuraishi wanachinja ngamia wangapi kwa siku. Alipojibiwa tisa au kumi, alikadiria jeshi kuwa kati ya watu 900 na 1,000. Siku za Khandaq alimtuma Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.) aingie usiku katika kambi ya adui alete habari. Kutafuta habari za adui anayekuja kuua si jambo geni katika sira.

Hata hivyo, kisa cha majumba yale kina upande wa pili. Wasikilizaji hawakusikia habari za silaha tu. Walisikia mateka wakisimuliana mauaji ya Mayahudi na raia wengine. Yote yaliandikwa, lakini kurasa hizo hazikupelekwa katika mahakama ya Nuremberg, kwa sababu kuzitoa kungefichua siri ya vinasa sauti. Waliohukumiwa walihukumiwa kwa ushahidi mwingine, na kurasa zile zilifungiwa hadi miaka ya 1990. Lililosikiwa kwa kificho lilisaidia kushinda vita, lakini halikuweza kusimama hadharani kudai haki.

Hapa ndipo tunapotaka familia zetu zitafakari. Siku hizi hapa Katubuka, mume na mke wanapofika msikitini kusuluhishwa, mara nyingi simu hutangulia maneno. Mmoja amemrekodi mwenzake usiku, au amesoma ujumbe wake akiwa amelala. Anadhani amekuja na ushahidi. Kumbe kikao kizima kinageuka: aliyekosa anakuwa mlalamikaji wa kupelelezwa, na kosa la awali halizungumzwi tena. Wameifanya nyumba kuwa kambi ya mateka.

Allah (s.w.t.) katika Suratul Hujurat, aya ya 12, ametukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, kwa mfuatano huo huo, kwani moja huzaa jingine. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) amemuonya anayetega sikio kwa maneno ya watu wasiotaka awasikie, kwamba Siku ya Kiyama atamiminiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni.

Je, mzazi asimwangalie mwanawe? Amwangalie, tena ni amana. Lakini amwambie wazi: simu hii nitaikagua, na sababu ni hii. Malezi ya wazi hujenga haya, na malezi ya kunyatia hujenga ujanja. Mwenye shaka na mwenzi wake aulize ana kwa ana. Jibu likishindikana, Suratun Nisaa, aya ya 35, imetuelekeza kuweka msuluhishi kutoka kwa jamaa wa mume na msuluhishi kutoka kwa jamaa wa mke. Nao husikiliza mbele ya wote wawili, si nyuma ya ukuta.

Mume na mke si maadui. Tusiwatendee watu wa nyumbani mwetu yale ambayo vita peke yake ndivyo viliyahalalisha.

Wabillahi tawfiiq.