Neno Moja, Maana Nyingi: Jawabu kwa Wanaokibeza Kiswahili

Iko kasumba ambayo bado haijatutoka. Wako miongoni mwetu, na baadhi yao ni walimu, wanaowaambia vijana kwamba Kiswahili ni lugha maskini kwa kuwa neno moja hubebeshwa maana nyingi. Hutaja kitenzi “panda”: mtu hupanda mkarafuu, hupanda muhogo, hupanda meli, na bei nayo hupanda. Kisha husema kwamba lugha ya namna hii haiwezi kubeba elimu, na kwamba Kiingereza ndicho chenye neno mahususi kwa kila jambo. Hoja hii ni ya uwongo, na yapasa ijibiwe kwa ushahidi wa Kiingereza chenyewe.

Tulitazame neno moja dogo la lugha hiyo, lenye herufi tatu tu: “set”. Katika chapa ya pili ya kamusi kubwa ya Oxford, iliyotolewa mwaka 1989 katika majuzuu 20, kitenzi hiki kilipewa maana zipatazo 430, na maelezo yake yalichukua maneno karibu 60,000. Hicho ni kitabu kizima kwa neno moja! Mwingereza hulitumia neno hilo jua linapokuchwa, mwalimu anapotunga mtihani, daktari anapounga mfupa, mwindaji anapotega mtego, sonara anapopachika kito katika pete, saruji inaposhika, mtumishi anapoandaa meza na baharia anapotweka tanga. Likiwa jina, ni vyombo vya namna moja vilivyowekwa pamoja. Na katika hisabati ni lile kundi la vitu ambalo nasi tumeliita seti.

Sasa msomaji na ahesabu. Kuchwa, kutunga, kuunga, kutega, kupachika, kushika, kuandaa, kutweka: hivyo ni vitenzi vinane vya Kiswahili, kila kimoja na kazi yake, mahali ambapo Mwingereza anatumia kimoja. Kwa kipimo cha hao wanaotubeza, ni lugha ipi iliyo maskini? Na mbona Mwingereza haoni haya kwa neno lake hilo?

Sisemi kwamba Kiingereza ni maskini. Nasema kwamba kipimo chenyewe ni kibovu. Neno hupata maana nyingi kwa kuwa limewatumikia watu wengi, katika kazi nyingi, kwa muda mrefu. Maana yake huamuliwa na maneno yanayolizunguka na hali ya wasemaji. Hapa Pemba, mzee akimwambia kijana, “Kapande mikarafuu,” maneno hayo yaweza kuwa amri mbili mbalimbali. Lakini ikiwa ni masika na kijana ana miche mkononi, atachimba mashimo. Ikiwa ni msimu wa mavuno na ana pakacha, atakwea. Na bei ya karafuu ikipanda, hapana mtu wa Wete wala wa Mkoani aliyewahi kuitafuta matawini.

Hoja hii mbovu ina madhara. Mwaka 2006 Sera ya Elimu ya Zanzibar iliagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Kujifunza Kiingereza ni jambo jema, na lugha ya kusomeshea ina haki ya kujadiliwa. Lakini mjadala huo usijengwe juu ya kumwaminisha mtoto kwamba lugha ya mama yake ni pungufu. Mtoto aliyeaminishwa hivyo hunyamaza darasani, na anayenyamaza haulizi.

Tofauti iliyopo baina ya lugha hizi mbili ni ya kazi iliyofanywa. Wazo la kamusi ile lilitolewa London mwaka 1857. Sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884, na ya mwisho mwaka 1928. Watu wa kawaida walijitolea kusoma vitabu na kupeleka vikaratasi vyenye mifano ya matumizi ya maneno. Nasi tumekwisha kuanza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na kamusi la lahaja ya Kipemba likafuata mwaka 2012. Tungo za Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa kisiwa hiki, zilichapishwa kitabuni mwaka 2011, karibu miaka mia moja baada ya zama zao. Muda wote huo zilihifadhiwa vifuani mwa watu na katika miswada michache. Ni mangapi yaliyozikwa pamoja na waliokuwa wakiyajua?

Basi mwalimu anayelalamika kwamba Kiswahili hakina maneno, na awape wanafunzi wake kazi hii: kila mmoja achukue daftari, amwendee mvuvi, seremala wa majahazi, na bibi anayechambua karafuu, aandike kila neno la kazi yao na kila maana ya neno hilo. Madaftari hayo yakijaa, ndipo tuzungumze habari za umaskini wa lugha.