Unga wa Kijani na Hila ya Kiambishi

Juzi, katika matatu iliyokuwa ikitoka mjini kuelekea Umoja, mchuuzi mmoja alisimama akatunadia vikopo vya unga wa kijani. "Spirulina huua saratani," alisema, na abiria wawili wakatoa pesa papo hapo. Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu. Hata hivyo, sentensi hiyo ya maneno matatu ilinikera, kwani uongo wake umejificha ndani ya kiambishi.

Kiambishi hu- hudai jambo la kawaida, lisilofungwa na mahali wala wakati. Je, wanasayansi wamedai hivyo? Spirulina ni bakteria wa kijani-samawati (wengi huwaita mwani, ilhali seli zao hazina kiini). Jamaa zao ndio wanaoyapa maji ya Ziwa Bogoria rangi ya mboga iliyopondwa, na ndio chakula cha heroe wadogo. Ndani yao mna protini ya samawati iitwayo fikosianini. Maabarani, protini hiyo imezuia seli za saratani za aina kadhaa zisiongezeke, na nyingine zikafa. Lakini hayo yalitukia katika vibakuli na katika miili ya panya. Basi sentensi ya haki ni "iliziua seli kibakulini". Kati ya "iliziua" na "huua" pana safari ndefu ya majaribio kwa wagonjwa, ambayo unga ule haujaimaliza.

Siubezi utafiti wenyewe, la hasha! Mwaka 1987 George Pettit wa Marekani na wenzake walitangaza muundo wa dolastatini 10, mnyororo mfupi wa asidi amino uliopatikana katika konokono wa baharini kutoka Bahari ya Hindi hii yetu. Baadaye ilibainika kwamba watengenezaji hasa ni bakteria wa kijani-samawati, ambao konokono huyo huwala. Kwa kuwa ilikuwa sumu kali, wanakemia waliunda jamaa yake, wakaifungamanisha na kingamwili inayoifikisha kwenye seli zinazolengwa. Mwaka 2011 dawa hiyo, brentuximab vedotin, iliidhinishwa Marekani kutibu aina fulani za saratani ya limfu. Miaka 24! Tena hutiwa mshipani hospitalini, haikorogwi katika uji.

Wala mtu asidhani kila kitokacho ziwani ni salama. Baadhi ya bakteria hao hutoa sumu inayodhuru ini, na watafiti wameikuta katika heroe waliokufa Nakuru na Bogoria.

Jirani yangu mmoja hapa Buruburu aliacha miadi yake ya hospitali kwa miezi minne, akitegemea kopo kama lile. Aliporejea, uvimbe ulikuwa umekwisha kuenea. Mwanawe alinionyesha kopo lenyewe. Nilihesabu vitenzi sita, vyote vya hu-.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, tunafundisha kiambishi hiki kwa mifano ya jua kuchomoza mashariki. Kesho waagizeni wanafunzi walete darasani vibandiko vya dawa za mitaani, wapige mstari chini ya kila kitenzi, kisha wamuulize mwalimu wa biolojia ni kipi kati ya hivyo kimethibitishwa.