Uliza kidogo, linda majibu, rudisha jibu: fomu ya biashara isiwe mtego kwa raia



Watu wa Kivu wamezoea kuulizwa maswali. Kwa miaka mingi ma ONG yametuma vijana wenye tablete mlango kwa mlango: muko wangapi kwa nyumba, munakula mara ngapi kwa siku, maji munachota wapi? Wengi kati yetu vijana tumefanya hiyo kazi ya ankete ili kulipa minerval. Lakini ni nyumba ngapi zimeona jibu likirudi? Ndiyo maana leo mama akiona kijana na telefone mkononi anasema: « Mulishaandikaka majina yetu, nini ilibadilika? »

Sasa chombo kile kile kimefika mikononi mwa biashara ndogo. Ukiwa na adresi ya Gmail, unafungua Google Forms bila kulipa, unaandika maswali, unatuma linki ku WhatsApp, na majibu yanajipanga yenyewe ndani ya tabulo. Sisi tunaunga mkono. Kijana asiye na kazi ya Leta wala mjomba ofisini ana haki ya kujua soko lake kabla ya kuweka makuta yake kidogo ndani ya mzigo. Ila tunasema wazi: tusirudilie tabia ile tuliyochoka nayo.

Tuseme kijana anatengeneza sabuni pale Bukavu. Maswali 5 yanamtosha. Unakaa komine gani: Ibanda, Kadutu ao Bagira? Unanunua sabuni mara ngapi kwa mwezi? Unapenda kipande kikubwa ao kidogo? Unaweza kulipa franka ngapi? Nini haikupendezi kwa sabuni unayotumia leo? Kila jibu hapo linaweza kubadilisha kitu: ukubwa wa kipande, bei, fasi ya kupeleka mzigo. Swali ambalo jibu lake halitabadilisha kitu, lifutwe. Kabila, dini, chama, umri wa watoto: sabuni haiko na haja ya kuyajua.

Na tuandike kwa lugha ya mteja. Fomu nyingi ziko ndani ya Kifaransa cha ofisi. Mtu anaona aya ndefu, anafunga, kisha tunasema « watu hawajibu ». Andika Kiswahili kama tunavyosema ku soko.

Tena tusidanganyike: linki ya WhatsApp inaleta majibu ya wenye telefone nzuri na mega. Mega ni makuta. Tunakumbuka takse ya RAM iliyokuwa inakatwa ku inite zetu, iliyoanza 2020 mpaka raia walipoipinga na ikaondolewa 2022. Mama anayeuza samaki Kadutu hatatumia mega zake kujaza fomu yako. Lakini yeye ndiye mteja wako. Basi mfuate, muulize kwa mdomo, ujaze wewe. Kwa kazi hiyo kuna KoboToolbox, ile ile wanayotumia ma ONG: programu yake ya KoboCollect inaweka majibu ndani ya telefone hata kama hakuna rezo, inayatuma ukipata koneksio. Google Forms yenyewe inadai koneksio tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye hatari. Kuna fomu zinazozunguka ku magrupu, zinaahidi kazi ao mkopo, na zinaomba jina lote, namba ya telefone, avenue, namba ya nyumba na picha ya kadi ya mpiga kura. Katika nchi ambako kadi hiyo ndiyo inatumika kama kitambulisho, kuitoa ni kama kutoa ufunguo wa nyumba. Na kwetu huku, ambako silaha ziko nyingi, orodha yenye majina na avenue ikianguka kwa mkono mbaya inaonyesha fulani analala wapi. Hili si jambo la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni jambo la usalama wa raia.

Kwa hiyo, wewe kijana wa biashara: kama huna haja ya jina, usiliombe. Tabulo ya majibu usiiachie kila mwenye linki. Angalia pia kwamba haujaruhusu wanaojibu kuona muhtasari wa majibu ya wengine. Sema juu ya fomu nani anauliza, kwa sababu gani, na majibu yatafutwa lini. Kisha yafute kweli. Na ukimaliza, rudi ku grupu lile lile useme: « Muliomba kipande kidogo, tumekitengeneza. » Mteja aliyeona neno lake limefanya kazi atajibu tena kesho.

Wewe raia unayejibu: uliza fomu ni ya nani. Kama hawajitaji, usijaze. Na kumbuka, hakuna fomu ya kweli inayoomba namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money.

Wenye mamlaka nao wasijifiche nyuma ya vijana. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Kodi ya Numeriki, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya kulinda habari za mtu binafsi. Sheria inayobaki Kinshasa ndani ya karatasi haimlindi mama wa Kadutu. Tunaomba mambo matatu: sheria hiyo ielezwe kwa Kiswahili na lugha zetu zingine za taifa, raia aonyeshwe mlango wa kupeleka malalamiko hata kama anakaa mbali na mji mkuu, na ofisi za Leta zenyewe ziache kukusanya vitambulisho bila kusema vinaenda wapi.

Kuuliza ni kuheshimu, kama anayeuliza yuko tayari kusikia. Habari za raia ni mali ya raia. Anayezikopa azitunze, na arudishe jibu.