Usitupe mbegu za malenge

Unapopika malenge, mbegu zake huenda wapi? Katika nyumba nyingi za mjini hukombwa kwa kijiko na kutupwa kwenye pipa la taka. Kesho yake mwenye nyumba huyo huyo analalamika kwamba bei ya nyama haishikiki. Laiti angejua alichokitupa!

Hebu tuzipime. Gramu 100 za mbegu zilizokaushwa na kuambuliwa maganda zina protini gramu 30 hivi, mafuta gramu 49, na wanga gramu 11, ambazo 6 kati yake ni nyuzinyuzi. Kuna madini pia: chuma karibu miligramu 9, zinki karibu miligramu 8 na magnesiamu karibu miligramu 590.

Bila shaka hakuna atakayekaa chini akala gramu 100. Chukua konzi moja tu, yaani gramu 30. Hiyo ina protini gramu 9, kushinda yai moja. Protini hujenga mwili wa mtoto, chuma hutengeneza damu, zinki husaidia vidonda kupona, na magnesiamu huisaidia misuli kufanya kazi. Sehemu kubwa ya mafuta yake hayagandi kama shahamu ya ng'ombe, kwa hivyo hayasumbui moyo.

Hata hivyo, mbegu hizi si dawa ya kila kitu. Vitamini A karibu hazina. Hiyo tafuta katika malenge yenyewe na katika majani yake. Chuma chake nacho hakiingii mwilini kwa urahisi kama cha nyama. Kwa hivyo zile pamoja na chungwa au pera, na chai isubiri kwa muda wa saa moja, kwa sababu chai huzuia chuma.

Kuzitayarisha si kazi. Zioshe hadi utelezi uishe, zianike juani zikauke, kisha zikaange bila mafuta kwa moto mdogo, huku ukikoroga, mpaka zianze kualika. Chumvi iwe kidogo. Ukizimenya na kuzitwanga, unga wake hunoga katika mboga za majani na katika uji wa watoto.

Mambo matatu ya kuangalia. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe mbegu nzima, zisije zikamkaba, mpe unga. Usile mbegu za kupanda zinazouziwa wakulima, kwani nyingi hutiwa dawa. Na kwa kuwa zina mafuta mengi, zihifadhi katika chupa yenye kifuniko. Zikianza kunuka au kuwa chungu, hizo ndizo za kutupa.

Nawe mwanafunzi unayeshinda kwa mandazi na soda, tia konzi moja mfukoni uendapo shuleni. Mwili wako utakushukuru, na mfuko wa mzazi pia.