Paneli za sola zikizeeka, mzigo usiachiwe mwanakijiji

MJADALA kuhusu kawi ya jua nchini Kenya umekuwa wa upande mmoja kwa muda mrefu. Huulizwa ni nyumba ngapi zimepata mwanga, mkopo utalipwaje kwa simu na ni kodi gani iondolewe ili bei ishuke. Swali ambalo halijaulizwa ipasavyo ni hili: paneli ikikoma kufanya kazi, itapelekwa wapi na kwa gharama ya nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee mashambani, katika maeneo kama Kabazi, wadi iliyo katika eneobunge la Subukia, Kaunti ya Nakuru. Mkulima anayetegemea paneli kupata taa, redio na chaji ya simu huishi mbali na malori ya taka ya mjini. Kwake, kitu kilichochakaa huishia stoo, shimoni nyuma ya nyumba, motoni au mkononi mwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

Kenya si mgeni katika biashara hii. Umeme wa jua ulianza kuenea vijijini katika miaka ya 1980, na mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ikaanzisha mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa simu, uliozifikia familia ambazo awali hazingemudu. Paneli bora hudumu miaka 25 hadi 30. Hii ina maana kwamba zile zilizowekwa katika miaka ya 1990 zimefikia ukingoni, na kundi kubwa zaidi linafuata. Paneli hafifu hufa mapema, nazo betri huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Kiini cha tatizo kimo katika paneli yenyewe. Kwa makadirio, kila kilo 100 za paneli za kawaida za silikoni huwa na kilo 75 za kioo, kilo 10 za plastiki, kilo 8 za alumini, kilo 5 za silikoni na kilo moja hivi ya shaba. Fedha, ambayo ndiyo yenye thamani kubwa, haifiki hata gramu 100.

Mnunuzi wa vyuma anazielewa hesabu hizo bila kufundishwa. Fremu ya alumini hutolewa kwa bisibisi na nyaya za shaba hukatwa kwa koleo. Kinachobaki ni kioo kilichogandishwa na plastiki pamoja na silikoni, na kukitenganisha kunahitaji mitambo, joto kali au kemikali. Kukisafirisha kutoka Kabazi hadi Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 150, kunaweza kugharimu zaidi ya thamani yake. Hivyo alumini huuzwa na kioo hutupwa.

Si vyema kutia watu hofu isiyo na msingi. Paneli nzima iliyo juu ya paa haimdhuru mtu. Madhara huja inapovunjwavunjwa na kutupwa, kwa kuwa viungo vyake huwa na risasi, au inapochomwa, kwani plastiki ya nyuma ya baadhi ya paneli hutoa gesi za sumu.

Hatari iliyo karibu zaidi ni betri ya risasi inayoandamana na paneli. Wakenya walipata funzo hilo kwa uchungu katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi kwa sumu ya risasi. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na kesi hiyo ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Gharama ya kukusanya betri ipasavyo haiwezi kulinganishwa na gharama ya kutozikusanya.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kanuni za mwaka 2012 ziliweka leseni kwa mafundi na wauzaji wa sola. Nayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ilileta msingi muhimu: anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini hubeba wajibu wake hata baada ya bidhaa hiyo kuwa taka.

Hata hivyo, wajibu usio na fedha zilizotengwa mapema ni ahadi tu. Mnamo Aprili 2019, kampuni ya Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja Afrika Mashariki, iliomba ulinzi wa ufilisi kabla ya kununuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huo huo. Ilibahatika kupata mnunuzi. Lakini paneli huishi miaka 25, na kampuni nyingi hazitaishi muda huo. Nani atawajibika kwa paneli ambayo muuzaji wake amekwisha kufunga duka?

Umoja wa Ulaya uliliona hilo na mwaka 2012 ukaziingiza paneli katika sheria yake ya taka za kielektroniki. Ufaransa ilipata kiwanda maalumu mjini Rousset mwaka 2018. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka hizo inakadiria kwamba taka za paneli duniani zitapanda kutoka tani 600,000 mwaka 2022 hadi tani milioni 2.4 mwaka 2030.

Kenya haihitaji kuanza na kiwanda kama cha Rousset, kwani kiwanda cha aina hiyo hufa njaa kisipopata shehena kubwa. Kinachohitajika kwanza ni ukusanyaji. Wakenya wanaujua mfumo wa chupa ya soda: mnunuzi huacha pesa kidogo, kisha hurudishiwa anaporejesha chupa. Amana kama hiyo kwa paneli na betri, ikiwekwa katika mfuko usioweza kuguswa na kampuni inayofilisika, ingempa mkulima sababu ya kutoitupa.

Wapo watakaosema kuwa hatua hiyo itapandisha bei na kumnyima maskini mwanga. Hoja hiyo ina uzito. Ushuru wa VAT ulipotozwa vifaa vya sola mwaka 2020, ulizua malalamiko na ukaondolewa mwaka 2021. Lakini amana si kodi, kwa maana humrudia mwenyewe.

Kaunti nazo zimekabidhiwa jukumu la taka na Katiba. Nakuru ina nafasi nzuri, kwa sababu kiwanda cha kuunda paneli kilifunguliwa Naivasha mwaka 2011, na ujuzi wa bidhaa hii si mgeni katika kaunti hiyo. Vituo vya kupokea vifaa vikuukuu vingeweza kuwekwa mahali ambapo wakulima huenda kila siku, kama vile penye vyama vya maziwa. Hapo fundi angezipima kwanza, maana paneli ya miaka 25 bado yaweza kutoa takriban asilimia 80 ya nguvu zake na kumfaa mtu mwingine.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ufa huu ungali mwembamba. Ukiachwa, atakayeujenga ukuta ni mkulima wa Kabazi, ambaye kosa lake ni kununua taa.